Nimefumua mkono wa gauni mara nne. Ukamilifu tunautafutia wapi?

FundiGhorofaYaPili · Jumanne, saa 5:40 usiku

Wadau, poleni kwa uzi mrefu. Stima imepotea mtaani, simu ina chaji kidogo na usingizi umekataa. Wacha niandike.

Mimi ni fundi wa nguo, mwaka wa kumi na sita sasa. Kibanda changu kiko ghorofa ya pili, upande wa chini wa River Road, pale ngazi huwa na giza hata mchana. Wanaonijua wananijua kwa mambo mawili: nguo yangu haina uzi unaoning'inia, na nguo yangu haiwi tayari siku niliyosema. Hilo la pili limezaliwa na la kwanza.

Wiki tatu zilizopita nililetewa bibi harusi, mwalimu wa shule. Satini alikuwa ameshainunua Biashara Street, rangi ya maziwa, pamoja na lesi ya mikono. Harusi ni Jumamosi hii. Nikampima, nikakata, nikashona. Alipokuja kujaribu, mkono wa kushoto ukaishia pale saa inapofungwa, wa kulia ukapita hadi kwenye kiganja.

Nikaona aibu. Nikamwambia arudi. Nikafumua, nikaulaza mkono mmoja juu ya mwenzake mezani, nikalinganisha kwa tepu, kwa macho, kwa kukunja. Ilikuwa sawa tayari! Lakini mwili ukisema kuna kosa na meza ikisema hakuna, mimi huamini meza. Ndivyo nilivyofunzwa. Mwalimu wangu wa cherehani alikuwa akichukua mikono miwili ya shati, anaishika ncha kwa ncha, anaiinua juu darasa zima lione. Ikitofautiana kwa upana wa uzi, unafumua mbele ya wenzako.

Nikashona tena. Akaja, bado kombo. Nikafumua. Mara ya tatu hivyo hivyo. Mara ya nne satini ikakataa. Mnaoijua satini mnajua haisahau sindano: kila tundu hubaki, na matundu yakikaribiana kitambaa hukatika kama stempu. Leo saa kumi jioni, bibi harusi amesimama mbele ya kioo, nimevuta kidogo tu pale begani, nikasikia ile sauti.

Hakulia. Afadhali angelia.

Jirani yangu wa kibanda ni mzee, anashona kanzu na suti za wazee wenzake. Macho yamechoka, hata uzi anatungiwa na kijana. Akaja. Nguo hakuiangalia. Alimwangalia binti alivyosimama, akamwambia, "Mama, hebu shusha pumzi." Binti alikuwa amejikaza muda wote kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akashusha pumzi, na bega la kulia likashuka nalo, nusu inchi nzima. Kumbe alivunjika mtulinga utotoni, ukaunga vibaya. Mzee akanigeukia: "Wewe unashona meza."

Gauni nitalitafutia dawa. Linaloninyima usingizi ni la nyumbani. Kijana wangu yuko gredi ya nne. Daftari lake la kurasa 96, nililomnunulia mwezi jana, limebaki kama kurasa arobaini. Akikosea neno moja hafuti, anachana ukurasa mzima. Na haya madaftari ya pini katikati, ukichana ukurasa huu, mwenzake wa upande wa pili analegea, baada ya siku mbili naye anatoka, hata kama ulikuwa na kazi safi iliyokwisha kusahihishwa. Nilipomuuliza amejifunzia wapi, akanitazama tu. Mama yake ndiye aliyejibu: "Kwani wewe huko ghorofani unafanyaga nini?"

Basi nauliza kwa dhati. Kutafuta ukamilifu ni sifa au ni ugonjwa? Na haya mapungufu yetu yana maana yoyote, au huwa tunajifariji?

---

MjukuuWaPwani · saa 5:58 usiku

Upungufu, fundi. Si mapungufu. Samahani, nitarudi na la maana.

---

BodaTano · saa 6:03 usiku

Nimesoma yote na kesho naamka saa kumi. Pole ya satini.

---

TapetiSafi · Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Mimi ni makanika, niko Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wana kosa lako hilohilo.

Ukimpa kijana kazi ya tapeti, anaona kuna kanafasi kati ya valvu, ule mlango wa silinda, na roka inayousukuma, unene wa karatasi mbili tatu, anadhani injini imechakaa. Anabana mpaka nafasi iishe. Injini ikiwa baridi inaunguruma tamu, hakuna ile taka-taka. Mwenye gari anafurahi, analipa. Akifika Thika Road injini ishapata moto, chuma kinatanuka, valvu inarefuka na haina pa kwenda, haifungi tena sawasawa. Moto unapita pembeni unaila. Wiki mbili baadaye gari limerudi na mnafungua silinda hedi.

Ile nafasi aliiweka aliyeunda injini, kwa kujua. Tuna hata kifaa chake, fila geji, vibamba vyembamba vya chuma ambavyo kazi yake duniani ni moja, kupima pengo. Ringi za pistoni nazo zina pengo. Ukizikutanisha ncha, zikipata joto zinakwama na kukwaruza silinda. Siku hizi injini nyingi zinajirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili, lakini hilo lenyewe ni kwa sababu aliyeziunda alijua chuma hakikai urefu mmoja.

Usinielewe vibaya. Nafasi ikizidi injini inapiga kelele na kupoteza nguvu. Pengo lina kipimo chake. Sijasema mtu alegee.

---

MtejaMwenyeHasira · saa 1:40 asubuhi

Kumbe! Kumbe "njoo kesho" ya mafundi ni falsafa!

Suruali yangu iko kwa fundi mmoja hapa mjini tangu mwezi wa pili. Kila nikienda ananiambia anataka itoke safi. Nilipimwa kiuno 32. Sasa hivi nina 35. Itatoka safi kabisa na itamfaa mtoto wa dada yangu. Mnatuharibia siku halafu usiku mnakuja hapa kuuliza maana ya maisha.

---

FundiGhorofaYaPili · saa 2:05 asubuhi

Si mimi huyo. Nimekagua rafu yote. Lakini nimekuelewa.

---

NesiWaUsiku · saa 3:20 asubuhi

Ndiyo nimetoka zamu. Naomba nipinge kidogo, kwa heshima, kwa sababu naona tukienda hivi kufikia jioni mtakuwa mnaipamba kasoro maua.

Mimi ni nesi wa wodi. Kwangu kuna siku kasoro haina ushairi wowote. Insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita moja. Ile herufi U ya yuniti ikiandikwa haraka inafanana na sufuri, na yuniti 4 zinasomeka 40. Sukari inashuka mgonjwa akiwa amelala, asubuhi mnamwita haitiki. Huwezi kumwambia mamake kwamba kizuri hakikosi ila.

Lakini nisikilizeni hadi mwisho. Miaka yangu ya kwanza niliamini nesi mzuri ni yule asiyekosea. Nilikuwa naona haya kumwita mwenzangu aangalie kichupa nilichoshika, nikidhani atasema huyu hajui kazi. Usiku mmoja, hospitali siitaji, nilikuwa navuta dawa kwenye kichupa kilichofanana na kingine, kifuniko rangi ileile. Mwenzangu alikuwa anapita tu kwenda kuchemsha chai. Akatupa jicho, akasema, "Hiyo siyo." Maneno mawili. Nilikaa kwenye kiti mpaka miguu iliporudi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji mwaka 2008, vipengele 19. Ukiisoma unaona ni mambo ambayo mtu angeona ni dharau kumuuliza daktari bingwa. Huyu mgonjwa ni nani? Tunapasua wapi? Hata kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake. Walioiandika hawakusema madaktari wabaya wapo. Walikubali kwamba bingwa naye husahau, akichoka, saa tisa ya usiku.

Kwa hiyo mimi namwogopa mkamilifu kuliko mzembe. Mzembe tunamjua, tunamchunga. Mkamilifu haombi mtu amwangalie.

---

FundiGhorofaYaPili · saa 3:52 asubuhi

Dada nesi, hapo pa kuona haya kumwita mwenzako umenishika pabaya. Mzee yuko hatua tano kutoka kwenye cherehani yangu. Wiki tatu sikumwita. Alikuja mwenyewe baada ya kusikia kitambaa kikichanika.

---

Mlokole_Halisi · saa 4:30 asubuhi

Mungu pekee ndiye mkamilifu. Uzi ufungwe.

---

MamaPacha · saa 4:47 asubuhi

Usifunge kaka, tumeanza tu. Mathayo 5:48 ndiyo inatuambia tuwe wakamilifu kama Baba wa mbinguni, na watu wengi wanaisomea hapohapo na kuanza kujipiga. Rudi mistari mitatu nyuma. Inazungumzia jua linalowaangazia wabaya na wema, na mvua inayowanyeshea wote. Ukamilifu unaotajwa pale ni wa kutobagua. Mikono ya shati haimo.

Sasa wewe fundi. Nina pacha, wana miaka tisa. Usiende kumwambia huyo kijana "si lazima uwe kamili" halafu Jumatano akuone unafumua. Watoto hawasikii, wanaangalia. Mchukue kibandani akuone ukikosea. Mimi chapati zangu zikitoka ramani ya Kenya tunazipa majina ya kaunti. Mmoja hula Turkana kila siku.

---

Pointi81 · saa 7:10 mchana

Mnaojua KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mnajua hesabu hii: masomo saba, kila A ni pointi 12, jumla 84. A ya jumla inaanzia 81. Yaani hata serikali iliacha pengo la pointi tatu (TapetiSafi atafurahi).

Mimi nilipata 81. Simu ilipigwa kijijini, mbuzi akachinjwa, wageni wakaja. Jioni watu wakiwa wameondoka, baba yangu akiwa anajichokonoa meno, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na zile tatu zilienda wapi?" Hakuwa na ubaya. Nadhani kweli alitaka kujua. Lakini hiyo ndiyo sentensi pekee ninayoikumbuka ya siku ile.

Sasa nasoma saikolojia, mwaka wa tatu, na nimekutana na watu wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, ambao mwaka 1991 waligawa jambo hili mafungu matatu: kuna anayejidai ukamilifu mwenyewe, kuna anayeudai kwa wengine, na kuna yule anayeamini kwamba watu wote wanaudai kwake. Thomas Curran na Andrew Hill wakakusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, kuanzia 1989 hadi 2016. Mafungu yote yalipanda, na lililopanda zaidi ni la tatu. Ya Nairobi hayamo humo, lakini mimi nikiingia darasani kwetu naona sura.

Fundi, kwa maelezo yako wewe ni fungu la kwanza. Nahofia mtoto wako ni la tatu. Na la tatu ndilo linaloumiza zaidi, maana wa kwanza anaweza kujiambia basi. Wa tatu amwambie nani?

---

BodaTano · saa 7:31 mchana

Baba yako na wangu walisoma shule moja.

---

PunjeMoja · saa 9:00 alasiri

Niliwahi kufanya kazi kwenye kinu cha kahawa huko eneo la viwanda. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizolaliana, ndiyo maana kila punje ina upande bapa. Mara chache mbegu moja hukataa kukua. Ile iliyobaki inajaza tunda peke yake, inatoka mviringo kama njegere. Ni hitilafu ya kimaumbile, pacha aliyekosa mwenzake. Kenya tunaitenga na kuipa daraja lake, PB, na wako wanunuzi wanaoitaka hiyo hasa.

Na ile AA mnayoona imeandikwa kwa madaha kwenye pakiti? AA ni ukubwa wa punje. Inapimwa kwa chekeche, basi. Ulimi hauhusiki hapo.

Lakini nesi ana haki. Punje iliyooza kwa kuchacha, moja tu, ikiingia kikombeni kikombe kizima kinanuka. Ukiishika mkononi haionekani tofauti sana na mwenzake. Zipo hitilafu za kutengwa kwa heshima na zipo za kutupwa, na miaka yote niliyokaa kwenye ule mkanda kazi yetu ilikuwa kujua ipi ni ipi.

---

MbioZaNgong · saa 11:20 jioni

Nitaje Kipchoge maana uzi wa Kenya bila Kipchoge ni uongo. Vienna, Oktoba 2019, alikimbia marathoni kwa 1:59:40. Kila kitu kilisawazishwa: njia tambarare, gari mbele likipiga mistari ya mwanga barabarani, wakimbiaji wa kushika kasi wakipokezana, maji yakiletwa kwa baiskeli. Mimi nililia. Na haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu hizohizo.

Iliyoandikwa ni ya Berlin 2022, 2:01:09. Nusu ya kwanza 59:51, akajiponza, nusu ya pili 61:18. Ilikuwa kombo, kama mkono wa gauni. Halafu Kiptum akaja Chicago 2023 akaifuta kwa 2:00:35. Apumzike pema yule kijana.

---

MjukuuWaPwani · saa 2:15 usiku

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Kiswahili kina ukorofi wake kwenye jambo hili. Chukueni "ila". Tunasema binti hana ila, na tunasema wote wamekuja ila yeye. Kwa asili ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyokutana njiani yakavaa kanzu moja. "Walakini" nayo ilikuwa "lakini" tu ya kawaida. Leo nguo ina walakini, mkataba una walakini, mchumba ana walakini. Ni kama Waswahili waliona kasoro ni ile "lakini" inayofuata sifa. Na huwezi kusema lakini kabla hujasifu.

Halafu "kasoro" yenyewe. Saa nne kasorobo. Hakuna mtu duniani aliyesikia saa hiyo akadhani ni saa mbovu. Ni saa kweli kama nne kamili, na ukiipuuza basi la Mombasa linakuacha. Kasoro hapo haina lawama. Inakwambia bado robo.

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisuka mikeka ya ukindu. Ukimsifia mkeka alikuwa hasubiri uanze kutafuta. Anaukunjua, anakuonyesha mwenyewe, "Hapa ukili umepishana rangi, siku hiyo nilikuwa na homa." Na mkeka huo huo aliuza bei kamili. Nilikuwa mdogo nikadhani anajishushia biashara. Sasa naona wateja walikuwa wanaondoka na mkeka na ile homa pia, na hakuna aliyewahi kurudisha.

---

Mlokole_Halisi · saa 2:22 usiku

Kwa hiyo mimi ni kasorobo. Asante.

---

MwalimuMstaafu · Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Wanangu, nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja. Huyo mzee wa kanzu aliyesema "unashona meza" amenikumbusha Hubble, ile darubini ya angani.

Ilirushwa Aprili 1990. Kioo chake kikubwa kina upana wa mita 2.4, na kilikuwa kimesuguliwa kwa ulaini ambao mkono wa binadamu haukuwa umeufikia. Ilipofika juu, picha zikaja na ukungu. Walipochunguza wakakuta kioo kimesuguliwa kikamilifu kabisa, kwa umbo lisilo sahihi. Ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa kama mikroni 2.2, sehemu ndogo sana ya unene wa unywele. Chanzo? Kifaa cha kupimia. Lenzi moja ndani yake ilikaa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Kila waliposugua wakapima, kifaa kikawaambia mko sawa. Vipimo vingine vilivyoonyesha kuna kasoro vilikuwepo, vikapuuzwa, kwa kuwa kile kifaa ndicho kilichoaminika zaidi.

Wanaanga walikwenda kuirekebisha Desemba 1993. Kioo hawakukigusa. Waliweka vioo vidogo vyenye kosa hilohilo kwa upande wa pili, makosa mawili yakasahihishana.

Kijana wangu fundi, mkono wako haukuwa na tatizo. Ni nani aliyekukabidhi hicho kipimo?

---

TapetiSafi · saa 1:05 asubuhi

Mwalimu, yaani fila geji ndiyo iliyokuwa mbovu. Hii naenda kuwasimulia vijana sasa hivi.

---

NesiWaUsiku · saa 3:10 asubuhi

"Vipimo vingine vikapuuzwa." Ninaandika hiyo kwenye ubao wa wodi.

---

FundiGhorofaYaPili · Jumapili, saa 3:30 usiku

Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nashona.

Jumatano mchana nilikwenda Biashara Street kutafuta satini kwa pesa yangu. Rangi ileile ilikuwa imeisha. Vitambaa hivi hupakwa rangi kwa mafungu, na jora la juzi si jora la leo. Nikapata iliyokaribia, ya maziwa yaliyokaa kidogo. Nikanunua mita mbili na nusu. Nikafumua upande wote wa kulia, mbele na mkono, nikakata upya. Safari hii nilimwita mzee kabla ya mkasi. Alichora bega kwa chaki yeye mwenyewe, akalishusha nusu inchi, mkono nao nikaupunguza. Akaniambia nisiupunguze nusu inchi yote, niache kidogo, kwa sababu siku ya harusi atakuwa amejikaza tena mpaka saa nane, halafu atalegea.

Kijana wangu nilikuja naye Ijumaa baada ya shule. Nikampa sumaku aokote pini sakafuni. Gauni lilikuwa limelazwa mezani, limekwisha, na wadau, lilikuwa kituko. Bega moja juu moja chini, kama mtu aliyebeba debe la maji. Akaliangalia, akaja mpaka mezani.

"Baba, mkono mmoja ni mfupi."

"Ndiyo."

"Utafumua?"

"La."

Akanyamaza. Akarudi kwenye pini zake. Baada ya muda akaniuliza kama mteja anajua. Nikamwambia atakuja saa kumi na moja, ukae umwone. Akakaa. Binti alipovaa na kugeuka, mikono yote miwili iliishia pale saa inapofungwa. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, hakusema kitu, akarudi kwa kanzu zake. Kijana alikuwa anatazama kioo, halafu meza, halafu kioo.

Sitaki kuwadanganya kwamba nimepona. Harusi ilikuwa jana, nimetumiwa picha, na katika kila picha ya jua naiona ile satini ya pili, upande wa kulia, nyeusi kidogo kuliko ya kushoto. Bibi harusi haioni. Mama yake haioni. Mimi nimekuza picha mpaka zikawa vidoti. Mke wangu amenipokonya simu mara mbili.

Kuhusu daftari. Leo jioni alikuwa anafanya kazi ya Sayansi, akakosea kuandika "usanisinuru". Akafuta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Nilikuwa nimekaa kochini, sikujigusa. Akauangalia ule ukurasa kwa muda mrefu sana, ameshika pembe yake. Halafu akaliruka tundu, akaandika neno upande wa pili. Herufi moja bado si sahihi. Mwalimu ataiona.

Mwalimu Mstaafu, swali lako la kipimo nimelala nalo. Aliyenikabidhi naye alikabidhiwa, nadhani. Alikuwa na kovu la mkasi kidole gumba na hakupenda kuulizwa lilitoka wapi.

---

MamaPacha · saa 3:44 usiku

Usanisinuru hata mimi sijui. Mpe Turkana moja kwa niaba yangu.

---

Pointi81 · saa 3:50 usiku

Ameshika pembe halafu akaachia. Nimeisoma hiyo mara tatu.

---

MtejaMwenyeHasira · saa 4:02 usiku

Haya. Nimeichukua ile suruali kwa yule fundi mwingine, bila kumalizwa, pindo moja limebaki na pini. Nina kiuno 35 na, kwa kuwa tunaambiana ukweli hapa, mguu wa kushoto umepita wa kulia kidogo, mke wangu anasema ndiyo maana natembea hivi ninavyotembea. Unaiweza?

---

FundiGhorofaYaPili · saa 4:05 usiku

Ilete kesho. Uje umevaa viatu unavyovivaa siku zote, na usijikaze. Jumanne ijayo uichukue.

---

MtejaMwenyeHasira · saa 4:06 usiku

Jumanne saa ngapi? Na usiniambie "asubuhi". Saa nne kamili?

---

FundiGhorofaYaPili · saa 4:09 usiku

Kasorobo.